Haraka Yetu na Miguu ya Watoto Wetu

Mwezi huu naomba tuache jiko na cherehani kidogo, tutoke nje hadi barabarani. Nina jambo la kuungama kwanza. Nikishalisema ndipo nitakapopata ujasiri wa kuwashauri wengine.

Siku moja nilikuwa Kilindoni, hapa kwetu Mafia, nikitakiwa kufika Utende mapema ili nivuke kwa mashua kwenda Chole msibani. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya shughuli zangu mwenyewe, wala si kwa kosa la mtu mwingine. Nikakodi gari dogo. Dereva alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mwenye adabu zake. Akaniambia, "Shikamoo mama." Nami nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Kanyaga mafuta, wenzangu wananisubiri."

Kijana akatii. Lami ilikuwa nyeupe kwa jua, minazi ikipita pande zote mbili kama nguzo za uzio. Niliona mshale umepita 70, nikanyamaza, tena moyoni nikafurahi. Tulipofika mahali penye nyumba, mtoto wa kiume wa miaka saba hivi akachomoka nyuma ya kibanda akiufuata mpira wake wa makaratasi. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Matairi yalilia, gari likayumba, mimi nikagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Tuliposimama, mtoto alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye boneti, amekumbatia mpira wake, wala hakulia. Nadhani hakuelewa ni kitu gani kilichompitia.

Mama mmoja alikuwa akitoka kisimani na ndoo kichwani. Aliitua ndoo, akaja polepole, akamshika mtoto mkono. Hakutukana wala hakupaza sauti. Aliniangalia mimi, si dereva, akauliza, "Mama, mlikuwa mnakimbilia wapi?" Nikajibu, "Msibani, dada yangu." Akasema, "Basi mlitaka mtuachie mwingine hapa."

Nilifika Chole na kukuta watu bado wamekaa, wakimsubiri ndugu mwingine aliyekuwa njiani. Haraka yangu yote haikununua kitu. Tangu siku hiyo nimeuliza, nimesoma na nimepiga hesabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

BARABARA NZURI NA HATARI YAKE

Wenye umri wangu mnaikumbuka barabara ya Kilindoni hadi Utende kabla ya lami. Ilikuwa mchanga na mashimo, na gari lilikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo. Tulilalamika sana, na tulikuwa na haki, kwa sababu mama mwenye uchungu wa uzazi hapaswi kurushwarushwa hivyo. Lami ikaja katika miaka ya 2010, nasi tukashukuru.

Lakini yale mashimo yalikuwa na kazi moja ambayo hatukuiona. Yaliwalazimisha madereva waende polepole. Lami ilipoyafunika, gari likapata mbio, huku sisi wenye miguu tukibaki vilevile. Mkeka wa samaki bado unatandazwa pembeni mwa barabara. Watoto bado wanatembea kwenda shuleni na kurudi kwa makundi, wakisukumana na kucheza. Bibi bado anavuka na mzigo wa kuni kichwani, asiyeweza kugeuza shingo upesi. Na wenzetu wa Chole, ambako hakuna magari, wakishuka kwenye mashua pale Utende wanakutana na kitu ambacho mtoto wao hakukulia nacho.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya, sisemi lami ni mbaya. Nasema kwamba nyumba ikibadilishwa mlango, wakazi wake nao hufundishwa namna mpya ya kuufungua na kuufunga.

HESABU YA HATUA

Watu wengi, hata madereva, hudhani kwamba gari husimama pale breki inapokanyagwa. Sivyo. Kwanza dereva huona, kisha akili yake huamua, kisha mguu wake husogea. Hayo yote huchukua kama sekunde moja kwa mtu aliye macho na asiyekunywa pombe. Katika sekunde hiyo gari halijapungua hata kidogo. Baada ya hapo ndipo breki zinapoanza kazi, nazo huhitaji umbali wake.

Tuchukue gari zima, lenye matairi mazuri, kwenye lami kavu. Likiwa katika mwendo wa kilometa 30 kwa saa, tangu dereva anapoona hatari hadi gari kusimama ni kama meta 13, yaani hatua 18 za mtu mzima. Kwa kilometa 50 ni kama meta 28, hatua 40. Kwa kilometa 60 ni meta 36 hivi. Kwa kilometa 80 ni meta 57, yaani hatua 80. Hesabu hatua 80 kutoka mlangoni kwako uone utafika wapi. Na kama mvua imenyesha, au mchanga umetapakaa juu ya lami, au matairi yamekwisha, umbali huo huongezeka.

Sasa mweke mtoto wako meta 15 mbele ya gari. Dereva wa kilometa 30 atasimama kabla ya kumfikia, atamkemea kwa honi, na mambo yataishia hapo. Dereva wa kilometa 50, katika ile sekunde moja ya kushtuka, atakuwa amekwisha kwenda meta 14. Mguu wake ndio kwanza unaigusa breki. Atamgonga mtoto karibu kwa mwendo uleule wa 50. Mtoto ni yuleyule, kosa ni lilelile, na madereva wote wawili ni watu wema. Kilichotofautiana ni mwendo peke yake.

KUANGUKA KUTOKA MNAZINI

Huenda mama mwingine akasema, "Kati ya 30 na 50 tofauti ni ndogo." Kwenye mshale ni ndogo kweli, lakini mwilini si ndogo. Nguvu ya kitu kinachokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne.

Kisiwa chetu ni kisiwa cha minazi, kwa hiyo nitawapa mfano wa mnazi. Kugongwa kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha meta tatu na nusu, yaani kama kuanguka kutoka paa la nyumba. Mtu anaweza kuvunjika mkono au mguu, lakini mara nyingi anabaki hai. Kugongwa kwa kilometa 50 ni kama kuanguka kutoka meta 10 hivi, na kwa kilometa 60 ni kama meta 14. Hapo tumekwisha fika juu ya mnazi. Kwa kilometa 80 ni meta 25, na minazi ya urefu huo ni michache. Sisi wa Mafia hatuhitaji daktari kutueleza kinachompata mkwezi anapoteleza kutoka juu.

Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba mwendo wa wastani barabarani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Tena linasema kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari la kilometa 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa na gari la kilometa 50. Katika taarifa yake ya mwaka 2023, shirika hilo lilisema watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani, na zaidi ya mmoja katika kila watano ni mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua.

Kwetu visiwani kuna jambo la kuongeza. Mtu aliyeumia kichwa vibaya huhitaji wataalamu walioko Dar es Salaam, kama wale wa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Kutoka Mafia hadi huko ni ndege au boti ya kuvuka hadi Nyamisati, kisha gari. Wakati wa usiku, au bahari ikichafuka, saa zinazopotea haziwezi kurudishwa. Kwa hiyo sisi, kuliko watu wa mjini, tungepaswa kuwa waangalifu zaidi ili ajali isitokee kabisa.

MTOTO HAONI KAMA WEWE

Mara nyingi mtoto akigongwa tunasema, "Mtoto mwenyewe mtundu, alikimbia bila kuangalia." Huenda aliangalia. Watafiti wa chuo cha Royal Holloway huko Uingereza waliwapima watoto wa shule ya msingi na watu wazima. Waligundua kwamba macho na akili ya mtoto wa umri huo havijaweza kupima vizuri gari linalokuja kwa mwendo unaozidi kilometa 30 hivi kwa saa. Analiona gari, lakini haoni kwamba linakuja kwa kasi. Kwake yeye ni kama limesimama mbali. Mtu mzima analitambua, yeye bado.

Fikiri maana ya jambo hilo, mama. Unaweza kumfundisha mtoto nyimbo zote za usalama barabarani, akatii kila neno, na bado akakosea, kwa sababu hajakomaa. Huwezi kumwadhibu mtoto wa miaka saba kwa kutokuwa na macho ya miaka ishirini. Anayetakiwa kubadilika ni mtu mzima aliyeshika usukani, na yule aliyeketi nyuma yake akisema "kanyaga mafuta."

MAMA WA KWANZA

Ajali hizi zilianza na mama mwenzetu. Tarehe 17 Agosti 1896, mama mmoja Mwingereza aliyeitwa Bridget Driscoll alikwenda na binti yake kwenye sherehe katika viwanja vya Crystal Palace, London. Magari yalikuwa kitu kigeni wakati huo. Moja likamgonga, akafa. Ndiye mtu wa kwanza Uingereza kukumbukwa kuwa aliuawa na gari la mota akiwa anatembea kwa miguu. Gari hilo lilikuwa la mwendo mdogo sana, ambao leo hata mwendesha baiskeli angeucheka. Mahakama iliamua kwamba kilikuwa kifo cha ajali. Zaidi ya miaka 100 imepita, magari yameongezeka mbio mara nyingi, na neno letu bado ni lilelile, "ajali tu, bahati mbaya."

Sheria yetu haikubali kwamba yote ni bahati mbaya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu, na kilometa 80 nje ya hapo kwa magari makubwa. Inamtaka dereva ampishe mtu aliyeko kwenye kivuko cha waendao kwa miguu. Na 50 ni kikomo cha juu kabisa, si amri ya kuufikia. Mwezi Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Sweden, wakaafikiana kwamba mahali ambapo magari na watu wa miguu wanachanganyika, mwendo unaofaa usizidi kilometa 30. Mahali petu kama Kilindoni sokoni au mbele ya shule ni pa namna hiyohiyo.

INAWEZEKANA, TUMEONA

Msikate tamaa mkidhani haya ni mambo ya Ulaya. Hapahapa Tanzania, shirika liitwalo Amend lilifanya kazi kwenye shule za msingi za Dar es Salaam. Hawakujenga vitu vya gharama kubwa. Waliweka matuta, vivuko vilivyopakwa rangi, vibao vya kupunguza mwendo na njia za kando za watoto kutembea. Penginepo walihamisha geti la shule tu, lisifunguke kwenye barabara yenye magari mengi. Walipolinganisha shule zilizopata marekebisho na zile ambazo bado, watoto walioumia walikuwa wamepungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, ikishindana na miradi ya nchi kubwa. Tuta la saruji lilishinda!

TUFANYE NINI SISI AKINA MAMA?

Kwanza, tuuzime moto tunaouwasha wenyewe. Ukipanda gari, bajaji au bodaboda, mwambie dereva kwa upole kabla hajaondoka, "Mwanangu, sina haraka, twende taratibu." Akizidisha, mguse bega umkumbushe. Hesabu yake ni hii. Tuseme njia ya Kilindoni hadi Utende ni kilometa 15, na kati ya hizo, kilometa tatu zinapita katikati ya nyumba na shule. Ukizipita kilometa hizo tatu kwa mwendo wa 60, utatumia dakika tatu. Ukizipita kwa 30, utatumia dakika sita. Tofauti ni dakika tatu. Ni muda wa kumenya vitunguu. Kwa dakika tatu hizo niliiweka roho ya mtoto wa mtu mezani.

Pili, tuangalie bodaboda zetu. Familia nyingi siku hizi zimenunua pikipiki na kumkabidhi kijana aendeshe, akileta hesabu kila jioni. Kama hesabu tuliyoipanga ni kubwa kuliko abiria waliopo, kijana atatafuta fedha hiyo kwa mbio. Sisi ndio tunaomkimbiza, ingawa tumekaa nyumbani. Kaa na mwenzio mpange kiasi ambacho kijana anaweza kukipata kwa mwendo wa kiungwana, na siku ya mvua mpunguzieni. Tena mwangalie kama breki na matairi ni mazima kabla ya kudai chochote.

Tatu, kama mume wako ni dereva, ongea naye, lakini chagua wakati. Usimsute mbele ya watoto wala mbele ya abiria wake. Akishakula na kupumzika, mweleze ile hesabu ya meta 15. Wanaume wengi hawapendi kuhubiriwa, ila hesabu huisikiliza.

Nne, watoto. Mtoto wa chini ya miaka tisa au kumi asivuke barabara kubwa peke yake. Akina mama wa mtaa mmoja wanaweza kupeana zamu ya kuwasindikiza hadi shuleni, leo wewe, kesho mimi. Wafundishe kutembea upande wa kulia ili waone magari yanayowajia, na kusimama kabla ya kuvuka: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, vuka kwa kutembea bila kukimbia. Mahali pa kucheza mpira pawe mbali na lami. Na anayetoka jioni avae nguo nyeupe au ashike tochi. Kanga nyeusi usiku dereva haioni mpaka amekaribia mno.

Tano, tusimame kwenye mkutano wa kijiji. Tunazoea kuuliza habari za maji na zahanati, tukaacha barabara kwa wanaume. Uliza, "Mbona mbele ya shule yetu hakuna tuta wala kibao?" Ombeni liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha barua ipelekwe mahali pake. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na zile za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA. Msijijengee tuta la mawe au magogo usiku kwa hasira, maana mwendesha pikipiki asiyeliona ataumia, naye pia ana mama yake.

NENO LA MWISHO

Yule kijana dereva nilikutana naye tena sokoni Kilindoni baada ya wiki kadhaa. Akanisalimu kwa heshima kama kawaida, kisha akaniambia, "Mama, tangu siku ile nikifika pale penye kibanda mguu wangu unajitoa wenyewe kwenye mafuta." Nikamwomba msamaha, kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma. Aliona haya, akacheka, akanibebea kikapu.

Nami nilirudi hadi kwenye zile nyumba kumtafuta yule mama wa kisimani. Nilimkuta anaanika dagaa. Tulikaa kwenye mkeka wake, tukazungumza mambo ya watoto. Mtoto wake alipita na mpira uleule, akielekea barabarani, na sote wawili tukamwita kwa pamoja, "Njoo huku!"

Mama mpendwa, mwezi huu chagua siku moja, simama mbele ya nyumba yako au shule ya mwanao, uhesabu hatua 40. Kisha yatazame magari yanayopita. Utajua mwenyewe la kufanya.

Tuonane mwezi ujao.